Siku Wifi Feza Alipolisikiliza Somo la Ulaya

Tuliokuwako: mimi Bibi Sakina; Riziki, mutoto wa binti yangu Zawadi; Saidi, dereva wa pikipiki na mwana wa jirani yetu Asumani; na kule Wamaza wifi yangu Feza, dada wa marehemu mume wangu, prezida wa komite ya wazazi. Riziki alikuwa ametafuta kazi ya ualimu mpaka viatu vikaisha. Shule ya Wamaza ikamwita afundishe somo moja mbele ya wazazi. Wakimkubali, kazi iko yake. Nikamsindikiza, maana Feza namjua.

Asubuhi, kwetu Kasongo. Pikipiki moja, watu watatu na kuku wa kumpa Feza. Njia nzima Riziki alikariri mgongoni mwangu habari za Ulaya kati ya vita viwili vikubwa vya Wazungu.

Kwenye daraja la miti, Saidi alivusha pikipiki kwanza, kisha kuku, mimi mwisho. Nilinuna.

Mchana, Wamaza. Wali na sombe, yale majani ya muhogo.

"Wifi, umezeeka!" Feza akanipokea.

"Nakufuata wewe tu."

Alasiri, darasani. Riziki akaeleza: viwanda vilifungwa, watu wakakosa kazi, maziwa yakamwagwa chini kwa kuwa bei imeanguka.

"Na watoto wakiwa na njaa?" akashangaa Mama Anjelani, mke wa katekista. "Hawakuwa na wakubwa?"

"Walikuwa na wabunge."

"Aa. Basi nimeelewa."

Riziki akaendelea: wabunge waligombana, serikali zikaanguka moja baada ya nyingine. Nchi zingine zilishikilia kura zao. Zingine zilichoka, zikamfuata mutu mmoja aliyesema mikutano ni kupoteza wakati, aachiwe yeye. Alipokalia kiti, kura zikaisha.

"Kama komite yetu!" akasema Kitenge, fundi wa baiskeli.

Wazazi wakacheka mpaka benchi likalia. Feza alichaguliwa mara moja, zamani. Tangu hapo kila mwaka anasema kura itachelewesha kupanda mpunga. Akasimama. Chaki ikamponyoka Riziki.

"Mwalimu, somo hili umetumwa na nani?"

"Iko kwa programu ya shule, bibi."

Feza akanitazama. Mimi nikatazama bati la paa.

"Anayemtaka mwalimu huyu, ainue mkono!"

Darasa zima likainua. Feza mwenyewe akainua, wa mwisho. "Haya, amepata."

"Kwa kuwa mikono iko juu," akasema Kitenge, "tupige na kura ya prezida?"

"Shusheni mikono!" akakemea Feza.

Kesho yake nilirudi Kasongo na Saidi tu. Riziki alibaki na kazi yake. Nimejifunza mambo ya Ulaya uzeeni: kumbe watu wakichoshwa na makelele ya mkutano, wanaweza kumwachia mutu mmoja mkutano wote. Kama nimekosea jina la mutu, munisahihishe. Lakini ile mikono niliiona kwa macho yangu: ilishuka polepole sana.