Shati la Kaki

Kila Jumamosi asubuhi Adelina aliposhuka na nguo za wanawe kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, pale Bredäng, ughaibuni, alimkuta mzee Mfilipino wa ghorofa ya tatu akipiga pasi shati moja tu, la kaki, la jeshi. Alianza na kola, akanyunyiza maji kwa vidole, huku akiimba puani wimbo wa gwaride. Pasi ilikuwa ya umeme, lakini mzee aliipuliza kwanza, kama ya mkaa, na Adelina akajiona yuko Bukoba, uani kwa baba yake. Majira ya baridi ya mwaka mmoja mzee alikuja na sindano, akawa analipunguza shati ubavuni.

“Utalivaa lini, mzee wangu?”

“Siku Wamarekani watakapotuita, binti. Tuliwapigania, wakatuahidi matunzo sawa na askari wao. Vita ilipokwisha, wakatugeuka. Wakituita, sitaki nionekane nimeazima nguo.”

“Baba yangu naye alikuwa Keya, jeshi la mkoloni, akapigana Burma,” Adelina alisema, akimshikia mkono wa shati. “Sare yake anayo mpaka leo.”

Hakumwambia kwamba walimzika nayo.