Makapu Tisa Chini ya Kitanda

Nimeshazeeka vya kutosha kusema ukweli. Niliwahi kuwanyima wanangu wali kwa miezi mitatu kwa sababu ya kiburi, na kiburi chenyewe nilikificha chini ya kitanda. Yalikuwa makapu tisa ya ukindu.

Nianze na harusi, maana mambo yote yalianzia hapo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mikumi, lakini kwao ni Malolo, watu wa mpunga na vitunguu. Mimi nimekulia kota za reli pale Kilosa, ambako chakula kilitoka dukani au sokoni. Jembe nililishika shuleni tu, siku ya kazi za mikono, na hata hapo nilijikata kidole cha mguu. Basi siku ya harusi mama mkwe alinishika viganja, akavigeuza huku na huku kama anayechagua muhogo, akasema mbele ya wanawake wote: "Mtoto wa reli huyu. Haya."

Ile "haya" ndiyo iliyoniuma. Wake wa wanawe wengine wote aliwaita "mwanangu." Mimi nikabaki mtoto wa reli, jina likanikaa kama ukurutu. Nikaapa kwamba iko siku yule mama ataniita mwanangu, apende asipende. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani mapenzi yanapatikana kwa kushindana.

Tukahamia kwenye nyumba ya mwalimu, vyumba viwili, karibu na barabara kuu ya kwenda Iringa. Mwezi wa kwanza tu likaja kapu kutoka Malolo. Lilipakiwa kwenye lori la vitunguu, na dereva alikuwa mtu mzima, jirani yake mama mkwe, aliyezoea kusimama Mikumi kunywa chai. Ndani ya kapu mlikuwa na mchele, kunde na vitunguu vichache juu yake. Kapu lenyewe alilisuka mama mkwe mwenyewe. Husuka ukili mrefu, kisha anaushona kwa kuuzungusha kuanzia kitako mpaka mdomoni, mishono imelala sawasawa hata hujui ulipoanzia.

Mume wangu akanieleza utaratibu wa kwao. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa kapu la mchele, unarudisha kapu lenye kitu, hata kiwe kidogo namna gani. Nikafurahi mno! Nikaona hapa ndipo nitakapomshinda huyu mama. Lori liliporudi nikampelekea kapu lake likiwa na kilo ya sukari, kipande cha sabuni ya mche, majani ya chai na viberiti. Mwezi wa pili nikafanya hivyo hivyo. Mshahara wa mwalimu ulilia, lakini mimi nilikuwa natembea kifua mbele. Salamu zilizorudi ni zile zile: "Mwambie mtoto wa reli ahsante."

Halafu, watoto wakiwa wameshazaliwa, ikaja ile miaka ya kufunga mkanda. Nani asiyeikumbuka? Katika duka la kijiji rafu zilibaki na rangi ya viatu na majembe yasiyo na mipini. Ikivuma kwamba sukari inakuja, watu walikwenda kupanga foleni ya mawe, kisha wakarudi shambani. Kila jiwe au tofali lilikuwa na mwenyewe, na liliheshimiwa kama mtu mzima. Mimi msomi wa kota za reli nikaona mawe yanafanana, yataleta ubishi. Nikaweka ndala yangu moja. Niliporudi kweli ubishi haukuwepo. Ndala nayo haikuwepo. Nikaenda nyumbani mguu mmoja pekupeku, bila sukari, nikamwambia mume wangu ndala imekatika nikaitupa.

Mwezi huo kapu la mama mkwe likawa linanisubiri pale jikoni na sina cha kulitia. Mtu mwenye akili angetia chumvi, ikaisha. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kwenye semina ya akina mama Kilosa, siku tatu za kujitegemea nyumbani, na nilikuwa nimeonyeshwa jinsi ya kutengeneza sabuni kwa mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu. Nasema nilionyeshwa, ila siku ya vipimo niliwatoroka nikaenda kuwasalimu wazazi wangu kota. Nikajipa moyo kwamba sabuni ni kama mboga tu, mtu anakisia.

Nikakisia. Kuni za wiki nzima zikaishia hapo. Kilichotoka kilikuwa cha kijivu, laini, kinateleza, wala hakikukubali kuganda nilipokianika juani wala nilipokiweka kivulini. Mume wangu akakitazama, akaniuliza kama ni cha mbwa. Mimi nikakifunga kwenye majani ya mgomba, nikakitia kapuni, nikamkabidhi dereva kwa madaha: "Mwambie mama hiki nimekitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe." Kwamba ni sabuni sikusema. Niliona inajulikana.

Dereva alirudi baada ya wiki mbili na kapu jipya la mchele, nikalifuata pale anaponywa chai. Alipoanza kuzungumza ilibidi ajifute machozi kwanza.

"Mama anasema ahsante kwa chakula," akasema. "Amekichemsha tangu asubuhi, hakiivi, kinatoa povu tu. Anauliza kwenu reli huwa mnakilaje."

Akacheka, wanywa chai wote wakacheka, na mpika chai akaweka birika chini ili acheke vizuri. Mimi nikabeba kapu nikaondoka. Nililia njia nzima kwa hasira. Nikasema huyu mama kanidharau mbele ya watu siku ya harusi, na sasa ananidharau kwa lori. Nikaapa kiapo cha pili, cha kijinga kuliko cha kwanza: kapu lake halitarudi Malolo mpaka liwe na sukari halisi ya dukani, kilo nzima, atie kwenye chai ashindwe la kusema. Nikalisukuma chini ya kitanda.

Mwezi uliofuata likaja lingine. Sukari hakuna. Nalo nikalisukuma chini ya kitanda. Niliwahi kupata robo kilo mara moja, tena kwa kukanyagana, nikaiweka kwenye kopo juu ya kabati iwe mwanzo wa ile kilo. Iliisha kwenye uji wa watoto, kijiko kimoja kimoja, na kijiko cha mwisho nilikilamba mwenyewe nimesimama nyuma ya mlango.

Mume wangu alikuwa mpole, lakini hakuwa kipofu. "Makapu ya mama mbona hayarudi?"

"Nasubiri sukari."

"Rudisha hata na chumvi."

"Chumvi! Ili aulize kwetu reli tunailaje?"

Alitikisa kichwa akaenda kusahihisha madaftari yake. Yakafika manne, yakafika sita. Mchele wa mama mkwe tulikula, tena kwa raha zote, ila makapu yake sikuthubutu hata kuyatumia sokoni, kwa kuogopa yule dereva asije akayaona. Nikawa nimelalia mali ya watu, kitanda kimeinuka upande mmoja.

Na hapa ndipo ninapojiona mjinga kuliko pote. Kapu la saba lilipokuja niliona limesukwa ovyo. Mishono ilikuwa mirefu hapa na mifupi pale, na kitako kimekaa upande. La nane lilikuwa pogo zaidi. La tisa mdomo wake haukukutana vizuri, amefunga kwa kamba ya katani. Mimi nikabetua midomo. Nikasema, ona, sasa ananitupia makapu ya kulipua, ya kumpa mtoto wa reli. Anawasukia wengine mazuri. Nilimwonyesha hata jirani yangu, mke wa mwalimu mwenzake mume wangu, tukayacheka pamoja.

Baada ya hilo la tisa hayakuja tena.

Mwezi wa kwanza nikajifanya sioni. Tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Mwezi wa pili tukala yanga, na wa tatu yanga tena. Watoto wakawa wanautazama ugali kama wanaoadhibiwa. Dereva alipopita nilijificha, na alipopitiliza bila kusimama nilitamani asimame. Binti yangu mkubwa akaniuliza, "Mama, bibi ametukasirikia?" Nikamjibu kwa ukali ale ugali wake. Lakini jibu nililijua. Nilikuwa nimeshindana na mama mkwe nikashindwa, na huko Malolo sasa sikuwa hata mtoto wa reli. Sikuwa mtu kabisa. Hofu hiyo ilinikaa kifuani hata kula kukawa shida, ingawa kwa yanga hiyo haikuwa hasara kubwa.

Jumamosi moja mchana, mume wangu akiwa kwenye shamba la shule, lori likasimama. Dereva alishuka, akazunguka upande wa pili, akamshika mkono mama mkwe na kumteremsha taratibu. Kichwani mama alikuwa na mchele ndani ya foronya ya mto, mdomo umefungwa kwa upindo wa kanga. Foronya! Yule mama aliyejaza Malolo nzima kwa makapu.

Nilikimbia, nikampokea mzigo, nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye pipa la maji pale kando ya mlango. Akalitabasamia. "Uko wapi, mbona nakusikia chini?"

Nilikuwa miguuni pake.

Sijui nilimwingizaje ndani. Nakumbuka nilimkalisha kitandani, maana viti vyetu vilikuwa vibovu, na kitanda kikainama upande wake akakipapasa akauliza kina nini. Nikashindwa kusema uongo. Nikaingia uvunguni nikayatoa, moja baada ya jingine, nikayapanga magotini pake. Alikuwa akiyapokea na kuyapitisha vidole polepole, kitako, ubavu, mdomo.

"Hili nilikuwa bado naona," akasema. "Hili pia. Hili nilianza kukosea nikafumua." Akafika lile la saba, akaupapasa mshono mara mbili. "Haya matatu nimesuka kwa kupapasa. Nilijua ni mabaya. Nikasema basi, mtoto wa reli anayaonea aibu, ndiyo maana hayarudi. Nikaacha kusuka."

"Hapana mama! Nilikuwa nasubiri sukari."

"Sukari nilimwomba nani?"

Nikaanza kuyapanga moja ndani ya jingine.

"Kapu likirudi najua mmekula," akasema. "Hilo tu. Wewe ulinirudishia duka zima, nikaona unanipenda. Mara kimya."

Hapo nikatoboa yote, nikaanza na ile sabuni, kwamba ilikuwa sabuni, kwamba walinicheka pale kwenye chai, kwamba niliapa. Mama mkwe akashika mbavu. Alicheka mpaka akakohoa.

"We mtoto! Unadhani mimi sijui sabuni? Nilifulia kanga zangu zote, zikatakata. Nilikutania. Nikawa nangoja unijibu, nikamwambia dereva, huyu ana mdomo, atanijibu tu. Hukunijibu."

Mwaka mzima nilimnunia mtu aliyekuwa akingoja nimtanie. Nililia palepale, kamasi na machozi, juu ya makapu yake. Yeye akanipigapiga mgongoni, akasema niangalie nisiyaloweshe, ukindu ukilowa unaoza.

Alikaa nasi wiki mbili. Mume wangu akampeleka hospitali, jicho moja likapata nafuu kidogo, la pili halikurudi. Mchana tulikaa kivulini nyuma ya nyumba akanifundisha kusuka. Hakuwa na subira kama mnavyodhani. Alipapasa ukili wangu akasema, "Fumua." Nikafumua. Akapapasa tena, "Fumua." Nilikuwa na macho yangu mawili mazima na nilisuka vibaya kuliko yeye asiyeona. Siku ya kuondoka alichukua makapu yake tisa, yamepangwa moja ndani ya jingine, na ndani ya lile la juu nilitia chumvi, kipimo kimoja, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Nilimpandisha kwenye lori. "Haya, mtoto wa reli," akasema. Nikasema moyoni, sawa, hata hilo linatosha.

Kapu langu la kwanza nililimaliza baada ya mwezi. Lilisimama, lakini kama mlevi anavyosimama. Nikalituma Malolo likiwa na fungu la ile sabuni yangu, ambayo sasa nilikuwa nimejifunza vipimo vyake na inaganda, na salamu nikampa dereva kwa mdomo wangu mwenyewe: "Mwambie mama hiki kinaiva haraka, asizidishe moto."

Lori lilirudi wiki iliyofuata. Dereva akashusha kapu langu, limejaa mchele, limefungwa kamba kila upande kama mgonjwa.

"Mama anasema hivi," akaanza, huku watu wa chai wameshatega masikio. "Anasema: mwambie mwanangu kapu lake ni baya sana. Mchele umemwagika kutoka nyumbani mpaka kwenye lori, kuku wa Malolo wanamshukuru. Asuke lingine."

"Amesemaje?"

"Mchele umemwagika..."

"Huko mwanzo. Rudia huko mwanzo."

Alinishangaa kidogo, kisha akarudia. Alidhani nimekasirika juu ya kapu.