Blanketi la Shangazi Mkubwa

Dada yangu ananizidi miaka sita, lakini tukiwa pamoja watu huniamkia mimi shikamoo, yeye wanamwuliza mambo vipi. Nilimwonea wivu, sifichi. Mimi ndiye niliyesoma, nikawa mwalimu wa baiolojia Issenye, na kila siku ni bodaboda, jua na vumbi. Yeye aliishia darasa la saba, anauza vitenge kivulini Nyamisangura, na vijana bado wanamtania kama msichana.

Sababu niliijua vizuri mno. Kila mwaka nachora ubaoni nyuzi zinazofanya ngozi ivutike na kurudi kama lastiki ya sketi, halafu nachora kimeng'enya kinachozikata, elastasi. Mwili hukitengeneza wenyewe kwa kazi zake za usafi, ila jua na moshi hukizidisha, kikaanza kula hata kisichostahili. Wanafunzi hucheka nikivuta ngozi ya mkono wangu ikakawia kurudi. Nami hucheka, huku roho inaniuma.

Mwaka jana tulipokea mahari ya binti wa kaka yetu. Kwetu, kabla ng'ombe hawajakubaliwa, wakwe humfunika blanketi shangazi mkubwa. Wageni wa kutoka Kenyamonta walitutazama sisi wawili, wakaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, shangazi mkubwa," akasema mama wa kijana, akanifunika.

Wanawake wa kwetu waliangua kicheko. Dada naye alicheka. Nilitamani kumparura uso.

"Mkubwa ni huyu," nikasema, nikalivua blanketi na kumtupia mabegani.

Alijaribu kusimama ili ashukuru, akashindwa. Akarudi kitini akihema, kinywa wazi.

"Lichukue tu, mdogo wangu, linanilemea," akaninong'oneza. "Daktari anasema mapafu yamelegea, hewa ikiingia haitoki vizuri. Ni ule moshi wa maandazi."

Miaka minne alikaanga maandazi kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, ili mimi nimalize sekondari. Nyuzi zile zile zimo mapafuni. Hilo pia huwa nalifundisha. Nilimwondolea blanketi, nikamshika mgongo mpaka pumzi ikatulia. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa naitazama shingo yake isiyo na kunyanzi na kuitamani iwe yangu.