Pikipiki Ndefu na Bendera ya Kavimvira

Nichekeni sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza kusimulia sitaki mtu anikatize. Ndiyo, ni mimi yule muuguzi mfupi aliyelala chini mbele ya bendera pale mpakani Kavimvira huku bata wakila ndagala za watu, dagaa wetu wa ziwani. Wako wanaosema nilikuwa nimelewa, wako wanaosema nilipigwa risasi nikafufuka, na shemeji yangu wa Kalundu amekisimulia kisa hiki miaka yote kama shahidi (hakuwepo, alikuwa kitandani, ndiyo kazi pekee anayoiweza). Sikulewa. Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi kikimwingia mtu mfupi hakipati pa kutokea.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo ukilala hujui utaamka mji uko chini ya nani. Bonde la Ruzizi lilikuwa limefungwa muda mrefu, watoto wa huko hawajachanjwa, na habari za surua zilishaanza kutufikia. Halafu ghafla barabara ikafunguka, wakubwa wenye bunduki walikuwa wamepatana kwa siku chache kabla hawajagombana tena, na Daktari, mkubwa wa ofisi yetu ya chanjo, akatangazisha makanisani kote, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, kwamba Jumatatu akina mama walete watoto kwenye kituo cha afya kule bondeni. Hata wa milimani, upande wa Lemera, waliambiwa washuke. Na aliyepewa kuipeleka hiyo chanjo ni mimi, Mama Neema, mwanamke wa kwanza pale ofisini kukabidhiwa pikipiki. Akina mama wangekuja na watoto mgongoni, barafu kwenye sanduku la chanjo haimngojei mtu, barabara nayo haijulikani itafungwa lini, kwa hiyo nilichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja tu: kufika.

Wafadhili walikuwa wametuletea pikipiki mbili za njia mbaya, zile za matairi yenye meno. Moja ilikuwa ndogo, ya kijani, kiti kiko chini, injini inakohoa kama mbuzi mwenye mafua. Ya pili ilikuwa nyekundu, ndefu, kiti chake kilinifika kifuani (sawa, mbavuni, msinizomee). Mimi maisha yangu yote nilikuwa nimeendesha baiskeli tu, na pikipiki nilifundishwa juzijuzi kwa kuzungushwa uani. Mtu mwenye akili katika hali hiyo anauliza jambo moja: nikisimama, miguu yangu itafika chini? Hayo mengine ya nguvu na mbio na rangi ni porojo za wanaume waliokaa kivulini wakiwa hawana hata baiskeli.

Na ningeliuliza, haki ya Mungu, kama si Deo. Deo alikuwa muuguzi mwenzangu, mrefu bila sababu yoyote, mtu ambaye hajawahi kuwahi kazini lakini hajawahi kuchelewa chakula. Alikuja pale uani na kijiti mdomoni, akazitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Mama Neema, weye kamata ile kadogo. Ile kubwa iko ya wanaume. Utapanda pale, miguu itaning'inia sawa ya mutoto ku kiti ya coiffeur, ile ya kunyolea."

Wakacheka wote, hata mlinzi wa lango ambaye kila siku nilikuwa namgawia mihogo yangu. Sasa tazameni ujinga wangu ulivyo: Deo alikuwa amesema kweli tupu. Lakini kweli ikipita kinywani mwa mtu kama Deo inatoka inanuka, na mimi badala ya kuiosha niitumie, nikaitupa.

"Minye nakamata ile nyekundu," nikasema.

Daktari akanitazama kutoka juu mpaka chini (safari fupi). "Mama Neema, kweli utaiweza?"

"Nitaiweza, Docteur."

Nitaiweza! Nilikuwa naiweza hivi: napandia kwenye ngazi ya baraza, nazunguka uani, halafu narudi kusimama kando ya ukuta wa stoo nikiushika kwa mkono kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kati ya ngazi na ukuta nilikuwa bingwa. Tena nikaazima viatu vya kwaya vya dada yangu, vile vya soli nene, ili nijiongezee urefu, na kweli viliniongezea, ila mguu haukuhisi tena kama umekanyaga breki au umekanyaga hewa. Njia nzima ya bondeni nilikuwa nimeipanga kichwani kwa vitu vya kuegemea: hapa kuna nguzo, pale kuna kichuguu, kule kuna ukuta wa kanisa. Mtu anayechagua barabara kwa kuta zake! Na bado nilijiona nina akili.

Mnajua kwetu bendera ikipandishwa asubuhi, filimbi inapulizwa na kila kitu kinasimama. Mwenye kutembea anasimama, mwenye baiskeli anashuka, mwenye kupiga chafya anaimeza, mpaka filimbi ya pili. Wakati wa vita mambo yalikuwa makali zaidi, kwa sababu kila aliyeingia na bunduki zake alitaka heshima kuliko yule aliyemfukuza, na askari asiyelipwa hana burudani nyingine ila kumkamata aliyetingishika. Kwa hiyo kila mwenye safari ya bondeni alihakikisha ameshapita Kavimvira kabla ya filimbi. Nami ningepita, barafu ikiwa bado ngumu, sanduku limefungwa vizuri nyuma yangu. Lakini nikaona nizunguke kwanza sokoni. Mke wa Deo alikuwa akiuza mawese pale, nikataka anione juu ya nyekundu akamwambie mumewe. (Hakuwepo. Asubuhi ile alikuwa amekwenda kusaga unga. Nililizunguka soko zima nikijionyesha kwa nyanya.)

Basi naingia Kavimvira, upepo wa ziwa uko mgongoni, najisikia mtu, na mara nasikia filimbi. Kila kitu kikasimama. Wavunja pesa wakasimama, watu wa duane, wale wa forodha, wakasimama, Warundi waliotoka kuvuka mpaka wakasimama na mizigo kichwani, na kando ya barabara mwanamume mmoja mwenye baiskeli ya magunia ya makaa akaiegemeza juu ya fimbo yake akasimama wima. Mbele yake mama mmoja alikuwa ameweka beseni lake la ndagala chini, naye wima, mikono mapajani. Mlingoti ulikuwa mbele yangu kabisa, bendera imeanza kupanda, imechakaa hata rangi zake unaziamini kwa imani tu. Kilichokuwa kinatingishika katika Kavimvira nzima ni bendera na mimi.

Nikisimama, naanguka. Nisiposimama, napigwa risasi. Nikatafuta ukuta, hakuna. Nikatafuta nguzo, nguzo ilikuwa moja tu na bendera ilikuwa juu yake. Ndipo nikayaona yale magunia ya makaa, nikasema asante Yesu, nikaelekeza pikipiki kule, nikapunguza mwendo, nikanyoosha mkono kuegemea taratibu kama mtu wa heshima. Ile breki ya mguuni nikaikanyaga na soli ya kwaya, sijui nilikanyaga nini, maana pikipiki iliruka badala ya kusimama. Nikayaegemea magunia kwa kifua. Fimbo ikateleza, baiskeli ya makaa ikalala juu ya beseni, beseni likapinduka, nami nikalala juu ya vyote na nyekundu ikalala juu ya mguu wangu, injini inanguruma, gurudumu la nyuma linazunguka hewani.

Na hakuna aliyesogea! Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeanguka siku nyingine yoyote, watu wangekuja mbio, pole mama, pole mama. Siku ile watu wote wa Kavimvira walisimama wima wamenikodolea macho, mashavu yamevimba kwa kicheko ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitoa, na mvunja pesa mmoja machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Askari anayevuta kamba akaichelewesha, naapa aliichelewesha makusudi, ili aendelee kutazama. Bendera ilipanda kama inapanda Lemera kwa miguu.

Halafu wakaja bata. Bata hawana serikali. Walitoka mferejini familia nzima, wakazifikia ndagala zilizomwagika, wakaanza kula bila haraka, na mwenye ndagala akiwa pale pale, wima, haruhusiwi hata kusema shii. Nilimwona midomo ikimtetemeka. Mimi niliyelala ndiye pekee niliyekuwa karibu nao, nikawapungia mkono wangu mweusi wa makaa, wakanitazama, wakaendelea.

Filimbi ya pili ilipolia, kicheko kilichopasuka nadhani walikisikia Bujumbura. Mwenye ndagala hakucheka. Alikuja akaniinamia.

"Weye maman, nani alikutuma upande kintu hauwezi kushuka?"

Kabla sijafungua mdomo, askari walishafika. Kamanda wao, mtu mfupi kama mimi (nawaambia kweli, tulitazamana usawa), alikuwa amekasirika kwa niaba ya nchi nzima.

"Unalala mbele ya drapeau?"

"Mon commandant, sikulala, nilianguka."

"Wote wanasimama, weye unalala! Iko dharau, hiyo!"

Nyuma yake askari mmoja alikuwa ameshafungua sanduku langu, uso umejaa matumaini, maana kwake yeye sanduku la barafu ni sanduku la bia. Akaingiza mkono, akachokonoa, akahuzunika. "Chef, haiko pombe. Iko tuchupa."

"Iko chanjo ya watoto!" nikapiga kelele. "Funga, tafadhali, jua itaharibu!"

Hakufunga. Alimwita mwenzake naye aje ahuzunike. Nilisimamishwa chini ya mlingoti, mkono kwenye paji la uso, nisalimie bendera mpaka nijifunze, na kila nilipotaka kulisogelea lile sanduku niliambiwa nisitingishike. Nilisimama pale, viatu vya kwaya miguuni, makaa usoni, magamba ya ndagala kwenye nywele, nikitazama barafu inavyogeuka maji na maji yanavyochuruzika barabarani. Jua lilipokuwa utosini nilijua hakuna tena chanjo mle ndani, kuna chupa tu. Hapo ndipo nilipolia, na waliokuwa wanapita wakadhani nalia kwa aibu.

Nyekundu ilibaki kwa kamanda, "kwa uchunguzi". Baadaye alionekana mjini akiichunguza barabarani, na askari wawili wakikimbia nyuma yake ili wamshike kila anapotaka kusimama. Daktari aliniambia neno moja tu, "Mama Neema," afadhali angenitukana. Safari iliyofuata akampa Deo. Deo akaitazama ile ya kijani iliyobaki akasema mwanaume mzima kama yeye hawezi kuonekana juu ya kintu ile, magoti yatamfika masikioni, kwa hiyo angojee nyingine. Basi kwa kiburi cha Deo kazi ikanirudia mimi niliyeipoteza kwa kiburi changu. Pale ofisini tulikuwa na chombo kimoja na majuha wawili.

Chanjo nyingine ilipofika kutoka Bukavu nilipanda ya kijani na viatu vyangu vya kawaida. Filimbi ilinikuta tena Kavimvira, nikasimama kwa miguu miwili kama binadamu. Nikafika bondeni, nikafungua sanduku, barafu ngumu, kila kitu sawa, ila akina mama walikuwa wachache sana. Mmoja wao, Mama Anjelani, mkulima wa pale pale jirani na kituo, akanisogezea kibao nikae.

"Siku ile watu walijaa hapa mpaka mu barabara," akasema. "Ba ku milima balishuka. Moja alikuya na mapasa wake, moja ku mugongo, moja ku tumbo. Alingoja mpaka jua ikazama. Sasa njia ya kule juu imefungwa tena, banapigana."

Nikaendelea kuvuta dawa kwenye sindano.

"Balituambia moto iliharibika," akasema (moto kwetu ni pikipiki).

Ningeitikia tu, ingekwisha hapo. "Hapana, mama. Moto ilikuwa muzima. Ni minye nilichagua moto sina urefu yake."

Akaigeukia ile ya kijani, imesimama pale kwa unyenyekevu wake, tope mpaka kwenye taa.

"Na hii, ilikuwa wapi siku ile?"

"Ilikuwa ku ofisi yetu."

Akatikisa kichwa, akamweka mtoto wake mapajani pangu nimchanje. 

Tangu hapo nikiletewa chombo chochote cha kupanda nakaa juu yake kwanza mbele ya watu wote, nakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na anayetaka kucheka acheke mpaka mbavu zimuume, kicheko cha mtu hakijawahi kumnyima mtoto chanjo. Wale mapacha nimewaulizia kwa kila aliyeshuka kutoka juu kule. Kila mtu ananiuliza jina la mama yao, nami jina silijui.