Mkono wa Kikombe cha Sita

Siku wakwe walipokuja kumposa dada yangu tuliwanywesha chai kwa vikombe vya kuazima, na mwenyewe akavifuata kabla hawajamaliza kunywa. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, pale Majengo, Mpanda. Alisimama mlangoni, akawaamkia wote vizuri kabisa, akauliza habari za Usevya walikotoka, akauliza habari za mpunga, kisha akasema, "Samahanini jamani, na mimi nimepata wageni."

Wakwe walikuwa watano. Wanne walimeza chai ya moto kama wanameza dawa. Wa tano, mama yake bwana harusi, hakukubali kuharakishwa. Alikunywa taratibu mpaka mwisho, akafuta kikombe kwa pindo la kanga, akakitazama juu na chini, akamkabidhi jirani. Halafu akauliza, bila kumwuliza mtu hasa, "Na huyu binti akija kwangu, atakuja na vikombe vya nani?"

Dada alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia, na kwa miezi mitatu hakusikia kitu kingine.

"Nataka vikombe sita," aliniambia. "Vyangu. Na siku ya harusi vifunguliwe mbele yake, watu wote wakiona, ajue ni vyangu."

Kazi nikapewa mimi. Nilikuwa nauza karanga sokoni, na nyumbani nilijulikana kama mtu asiyepunjika. Kila kitu nilihesabu mara mbili, hata kuku wakiingia bandani jioni, nao walikuwa wanne. Basi nikapanda treni mpaka Tabora, nikaingia duka la kwanza, nikatoka, nikaingia la pili, nikarudi la kwanza, nikashusha bei mpaka mwenye duka akaniuliza kama nyumbani kwetu wananipenda. Nikapata vikombe sita vya kaure, vyeupe, vyenye ua jekundu ubavuni. Nikahesabu pale pale kaunta: vikombe sita, mikono sita. Nikahesabu tena: sita, sita.

Njiani abiria mwenzangu alikuwa na tenga la kuku, na treni ilipofunga breki tenga likaja kukaa juu ya kikapu changu. Nilipofika nyumbani nikahesabu: vikombe sita, mikono mitano. Nikahesabu tena, maana mara nyingine kuhesabu tena husaidia. Haikusaidia. Nadhani mkono wa sita ulishukia stesheni ya Kaliua.

"Vyote vipo?" dada akauliza.

"Vikombe vyote vipo," nikasema, na hapo sikudanganya.

Sasa, mtu anayeuza karanga anaijua karatasi kama seremala anavyoijua mbao. Kila siku nilikuwa nakunja vifuko mia, nabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufunguka mkononi mwa mteja. Nikajiambia, kama karatasi inabeba karanga, itashindwaje kubeba hewa? Nikachana daftari la zamani vipande vyembamba, upana wa unyasi. Nikavipaka uji, nikavizungushia kidole gumba, kimoja juu ya kingine, nikaacha vikauke juani. Kesho yake nikaongeza tabaka, na keshokutwa tena. Yalipofika saba nikapaka chokaa, nikapiga msasa kwa jani la msasa, nikaubandika kwenye kikombe. Ukisimama hatua kumi, na jua likupige machoni, ulikuwa mkono wa kaure mtupu.

Likabaki suala la ukubwa. Vikombe sita mkononi mwa mtu vinaonekana kama mayai sita, na hakuna anayepigia mayai vigelegele. Nikamwomba mama sanduku la mbao nyepesi, lile la majani ya chai alilokuwa anawekea nguo. Nikalijaza pumba za mpunga. Kila kikombe nikakivika karatasi yake, nikasokota ncha mbili kama pipi, nikakizika humo. Likawa zawadi ya kubebwa na watu wawili. Nikaona wabebe wanne.

Karatasi ya kufungia zawadi, ile ya dukani yenye maua, Mpanda nzima haikuwepo, na kama ingekuwepo nisingeinunua. Mfuko wa saruji una karatasi kadhaa, moja ndani ya nyingine. Ya nje imechafuka, ya ndani imejaa saruji, lakini za katikati hazijaona jua wala vumbi tangu zizaliwe. Fundi aliyekuwa anajenga jirani alinipa mifuko saba kwa vifuko viwili vya karanga. Nikazichambua za katikati, nikazinyunyizia maji, nikazipiga pasi ya mkaa mpaka zikanyooka. Nikakata kiazi kitamu nusu, nikakichonga nyota, nikakichovya kwenye buluu ya kufulia, nikagonga mihuri. Nyota zilikuwa mia na kumi na mbili. Nilipohesabu tena zikawa mia na kumi na tatu, nikaona niache.

Ilipendeza, lakini haikung'aa. Karatasi ya dukani hung'aa. Ndipo nikafikiria nta.

Sokoni alikuwepo mzee wa asali aliyekuwa akija na debe zake kutoka porini. Alikuwa na nta safi, ya njano, imeganda kama keki. Kando yake palikuwa na donge jeusi, lililobaki baada ya kukamua masega.

"Hii safi bei gani, mzee?"

Akataja. Nikacheka kidogo, kama mtu aliyesikia habari za mbali.

"Na hii nyeusi?"

"Hiyo bado ina utamu, binti. Ukiichukua, chemsha mara mbili, chuja mara mbili."

"Kama ina utamu si ningepunguziwa? Mimi natafuta nta, wewe unaniuzia na kitu ambacho sikuomba."

Mzee akafunika debe lake. "Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Wa Majengo."

"Chukua," akasema. "Nisije nikaanza kukudai wewe halafu ikaonekana mimi ndiye ninayedaiwa."

Nikachukua. Nikaichemsha, nikaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Na hapa naomba mtu asinicheke: mimi, niliyehesabu kuku wanne mara mbili kila jioni, nta ile niliichemsha mara moja. Kuni zilikuwa zimebaki chache. Nikaipaka karatasi yote kwa kitambaa, nikapitisha pasi juu yake, ikang'aa kama paji la uso la bibi harusi. Nikakifukua kikombe cha sita, mabaki nikamalizia kwenye mkono wake usije ukalowa, nikakizika tena, ndipo nikalifunga sanduku.

Dada akanusa. "Inanukia asali."

"Ulitaka harusi inukie nini, mafuta ya taa?"

Ilikuwa mwezi wa nane, pori limekauka, hakuna ua hata moja la kumpa nyuki kazi. Tulitoka kanisani saa tano, tukala, na saa tisa alasiri zawadi zikaanza kuingia uani. Mjomba wetu, ambaye alijipa mwenyewe usimamizi wa shughuli, alikuwa akitangaza kila kitu mara tatu: sufuria, mkeka, sufuria, kuku, sufuria. Kisha wakaingia wanawake wanne wamebeba sanduku letu. Ua mzima ukapiga vigelegele. Nilimwangalia mama mkwe wa dada, amekaa mstari wa mbele na kanga zake mbili. Hakupiga kigelegele, lakini shingo aliinyoosha.

Mjomba akaona hapo ndipo pa kuhutubia. Akaanzia kwa babu zetu.

Nyuki wa kwanza alitua juu ya nyota. Nikahesabu: mmoja. Nikahesabu tena: saba.

"Mjomba," nikasema kwa sauti ya chini, "fupisha."

"Ukoo huu haufupishiki," akajibu kwa sauti ya juu.

Alipofika kwa babu wa tatu, nyota zangu hazikuonekana tena. Karatasi ilikuwa imevaa manyoya ya kahawia, na manyoya yalikuwa yanatembea. Mtu mmoja akasema "aisee", taratibu tu, na watu mia mbili wakaondoka uani bila kusukumana kwa sababu kila mmoja alitengeneza mlango wake. Uzio wetu wa mabua ulikuwa na mlango mmoja asubuhi. Jioni niliikuta kumi na moja. Mjomba alitokea wa kumi. Bwana harusi aliingia chini ya meza, jambo ambalo dada amemkumbusha kila mwaka tangu siku hiyo. Dada mwenyewe alibaki kwenye kiti, kajifunika shela. Mimi nilibaki nikihesabu nyuki.

Na mama mkwe alibaki.

"Nyie mnakimbia nini?" akawauliza watu walioko nje ya uzio. "Hawa wamekuja kula kama nyie mlivyokuja." Akanigeukia. "Binti, niletee magunzi na kaa la moto kwenye chungu."

Nikaleta. Akapuliza moshi, akauzungusha kwenye sanduku bila haraka, akaanza kubandua karatasi kwa kucha, ukingo kwa ukingo, kama anamvua mtoto aliyelala. Akaibeba yote na nyuki wake, akapita nayo nyuma ya nyumba, akaitundika kwenye mpapai wa mbali kabisa. Waliobaki hewani wakaifuata. Akarudi anajipangusa mikono. Alikuwa ameumwa mara mbili, na alizitaja zote mbili mahali zilipo.

"Haya. Tuone nyuki walikuwa wanalinda nini."

Watu wakarudi kupitia milango yao. Mama mkwe akachota pumba, akatoa pipi ya kwanza, akaisokotoa. Kikombe. Akatoa cha pili, cha tatu. Alivipanga mezani, na ua wote ukahesabu naye. Nilijipenyeza mezani nikakipokea cha sita kabla hajakitazama sana, nikakiweka nyuma ya wenzake, mkono ukitazama ukutani.

"Vizuri," akasema. "Vikombe vizuri sana." Kisha akamgeukia dada. "Na hivi, mwenyewe anavifuata saa ngapi?"

Wakwe wakacheka. Majirani wetu wakacheka zaidi, na yule mwenye vikombe vya siku ya posa akacheka kuliko wote. Dada akazidi kujifunika shela. Angesema nini? Kila anayeazima husema ni vyake.

"Nimekauka koo kwa moshi," mama mkwe akaendelea. "Nitilieni chai."

Nikawahi birika. Nikachukua kikombe cha mbele.

"Hicho wape wazee," akasema. "Mimi nipe kile kilichojificha."

"Mama, kile kina pumba."

"Nimelima mpunga tangu sijavunja ungo. Pumba si mgeni wangu."

Nikamtilia. Nilitia kidogo, akaniambia ongeza. Akakishika kwa mkono ule, vidole viwili, akakiinua mpaka kifuani, na hapo akasimama kusema neno na jirani yake, na chai inatoa mvuke. Niliona nta ikianza kulainika. Niliona uji wa muhogo nao ukikumbuka kwamba uliwahi kuwa uji. Mkono ukaanza kuteremka, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Haukuanguka ghafla. Mama mkwe alihisi, akakidaka kikombe chini kwa kiganja cha kushoto, hakumwaga tone. Kulia akabaki na mkono wa kikombe peke yake. Akaubonyeza. Akaunusa. Akauchana ncha kwa ukucha, tabaka la kwanza, la pili, mpaka kwenye mistari ya daftari na hesabu za kujumlisha, ambazo mwalimu alikuwa amezipiga mkasi wa makosa.

Watu wa nyuma wakasimama waone.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi, mama."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Matabaka saba."

Akanywa chai, kwa kiganja, kama mtu anayenywea kibuyu. Akamaliza. Ndipo akainua kikombe juu watu wote wakione, kiganja kimoja kikombe, kiganja cha pili karatasi.

"Hivi ni vya kwao," akasema. "Hakuna duniani anayeazimisha kikombe cha namna hii, na angekuwepo, hakuna ambaye angekifuata."

Wakacheka tena, lakini safari hii dada alicheka nao, na shela akaifunua. Kikombe kile kilikwenda Usevya na wenzake watano, na hakukinywea mtu mwingine zaidi ya yule mama. Mkono wa karatasi aliufunga kwenye pindo la kanga. Sijui aliupeleka wapi; sikudai.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye mpapai na fimbo ndefu. Nyuki walikuwa wameondoka. Karatasi ilikuwa kavu, safi, inang'aa kuliko nilivyoipaka, haina utamu hata ukiilamba, na niliilamba sehemu mbili. Ile mara ya pili ya kuchemsha niliyoikwepa, nyuki walikuwa wamenimalizia wao, bure. Nikaikunja vizuri, nikaiweka kwa harusi nyingine.