Mkono wa Kushoto wa Gashe Kifle

Miaka yote aliyotengeneza televisheni za chogo, zile nene za zamani, mjini Dire Dawa, Kifle, aliyeitwa Gashe kwa heshima ya umri, alifanya kazi kwa mkono mmoja. Wa kulia ulishika bisibisi. Wa kushoto ulikaa nyuma ya kiuno, kama wa mtu anayeficha kitu. Ndivyo alivyofunzwa. Chogo, hata ukichomoa waya ukutani, hubaki na umeme tumboni, na mtu akiugusa kwa mikono miwili unakatiza kifuani, kwenye moyo. Girmay, jirani yake wa karakana, alisahau mara moja tu. Kifle ndiye aliyemfunika shuka.

Hata hivyo hakuwahi kuliogopa chogo. Alijua hatari yake inakaa wapi.

Kisha machogo yakaisha mjini, zikaja televisheni bapa. Alizitengeneza bodi zake, ila kioo hakukigusa. Mafundi vijana walikuwa wamemwambia: kikipata ufa hakina dawa, mwenye nacho akanunue televisheni nyingine.

Asubuhi hiyo Yeshi, mjane mwenye mgahawa wa kahawa mtaa wa pili, alileta ya kwake imefungwa kwenye blanketi.

"Sauti ipo, picha hamna," alisema. "Jana wateja wamesikiliza mpira kama redio. Leo wakikuta giza watahamia mgahawani kwa Hailu, na wakishahamia, Gashe, hawarudi."

Kifle aliiwasha, akamulika kioo kwa tochi. Nyuso hafifu zilikuwa zikipita gizani. Kioo kizima, basi; taa za nyuma yake ndizo zilizokufa. Za kubadilisha alikuwa nazo, alizozitoa kwenye televisheni mbovu ya aina hiyohiyo. Ila kuzifikia lazima kioo kiinuliwe. Akamweleza wazi kwamba hajawahi kukiinua hata kimoja, afadhali ampelekee fundi wa Harar.

"Mpaka huyo wa Harar amalize, nitakuwa nauza karanga barabarani," Yeshi alisema. "Niambie nishike wapi."

Walifungua fremu. Kioo kilikuwa chembamba kiasi kwamba Kifle aliogopa hata kupumua juu yake. Akamwelekeza Yeshi ashike ukingo ule, wainue pamoja, wasikipinde. Jasho likamwingia machoni.

Wakainua. Walipofika katikati, vidole vyake vya kulia vikakaribia chuma cha bodi, na mkono wa kushoto, bila kuulizwa, ukaachia kioo ukaenda zake nyuma ya kiuno.

Kona ikalegea. Kioo kikalia, tik.

"Gashe, mkono," Yeshi alisema polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Akaurudisha. Wakakilaza kioo kwenye blanketi. Alikikagua kila upande asione ufa, na hilo likamtisha zaidi, maana jeraha la kitu hiki halionekani mpaka kiwashwe. Alibadilisha taa. Walipomaliza kurudisha kioo na fremu, alimwomba Yeshi abonyeze swichi.

"Mimi? Kwani bomu?"

"Ingekuwa chogo ningebonyeza mwenyewe."

Picha ilikuja, na rangi zake zote. Kisha pembeni ukajitokeza mstari wa kijani, mwembamba kama uzi, toka juu hadi chini.

Angeweza kusema ulikuja na ubovu wa taa, Yeshi asingejua.

"Huo mstari ni mimi. Nilipoachia."

Yeshi aliusogelea mstari. "Utaenea?"

"Sijui." Neno hilo hakuwa amezoea kumwambia mteja.

"Basi jioni za mpira uje kwangu, unywe kahawa, uulinde," alisema, akaanza kuifunga televisheni kwenye blanketi.

Siku hizi Kifle huenda. Wengine wakitazama mpira, yeye hutazama mstari. Goli likiingia, vijana wakaruka na kupiga ukuta ulioshika ile televisheni, kikombe chake husimama hewani, hakifiki mdomoni, mpaka picha itulie.