Kikohozi cha Baba Mkwe

Barua ya baraza la kata niliipokea Jumatatu, tarehe 5 Juni 1995, saa nne asubuhi, mikono yangu ikiwa imejaa utomvu wa migomba. Niliisoma mwenyewe. Mgambo aliyeileta alikuwa amekwisha kuikunjua ili anisomee, nami nikaichukua mkononi mwake nikamwambia, "Herufi zinanifahamu, ndugu yangu." Nilijifunza kusoma mwaka 1975, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita na mtoto wa tatu mgongoni, katika darasa la watu wazima lililofanyika kanisani kwetu Lufingo. Tangu mwaka ule sijaacha jambo la maana lipite bila kuliandikia tarehe yake.

Barua ilisema kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anadai shamba ninaloishi ni mali ya ukoo. Kwamba mimi, kwa kuwa nilikataa kurithiwa, si mke wa mtu yeyote katika ukoo huo. Na kwamba shauri litasikilizwa Jumamosi, tarehe 17 Juni.

Kukataa nilikataa, na sijaona haya. Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 11 Machi 1993, tukamzika shambani kwake, pale kahawa inapokutana na migomba. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo waliniuliza kama nitakubali kukaa na mdogo wa marehemu. Nilisema nina Mungu, nina jembe, na wote wawili wananitosha. Shemeji alicheka siku ile. "Umeniokoa, shemeji," alisema, "mimi mwenyewe nilikuwa nakuogopa." Alirudi Dar es Salaam kazini kwake, na hatukuwa na ugomvi.

Lakini miaka ile ya soko huria haikumwacha mtu mahali alipokuwa. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa ili kiuzwe, akarudi nyumbani na sanduku moja na redio isiyo na betri. Huku kwetu nako wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda milimani, kila mmoja na mizani yake, na kipande cha ardhi kilichogusa barabara kikawa kinatamaniwa kama ng'ombe mwenye mimba. Shamba langu liligusa barabara. Mfanyabiashara mmoja wa Tukuyu mjini alitaka mahali pa kujenga ghala, na shemeji akampa neno lake.

Nilimwendea shemeji siku ileile ya barua. Nilimkuta akinyoa ndevu uani.

"Kaburi la kaka yako nalo litakuwa ghalani?" nilimwuliza.

"Tutalizungushia ukuta, shemeji. Litapendeza kuliko sasa."

"Na baba yako anasemaje?"

"Mzee amekubali. Kama huamini, kamwulize mwenyewe." Akatabasamu huku povu likiwa shavuni.

Alijua vema kwamba siwezi. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake. Haketi naye nyumba moja, hapiti njia ambayo mzee yumo, halitamki jina lake. Na mzee naye, akikaribia mahali ambapo mke wa mwanawe anaweza kuwapo, hukohoa mapema ili mwanamke apate nafasi ya kujiondoa. Niliolewa mwaka 1967. Kwa miaka ishirini na minane nilimfahamu baba mkwe wangu kwa kikohozi chake tu. Maneno yetu yote yalipita kwa mama mkwe, naye alikuwa amefariki mwaka 1989. Binti yangu anayeishi Ibighi angeweza kwenda kumwuliza babu yake, kwa kuwa mjukuu ana ruhusa ya kumtania hata kumvuta ndevu. Sikumtuma. Niliona ni aibu mwanangu aende kunibembelezea mahali pa kulala. Hicho kilikuwa kiburi, nakiri, ingawa wakati ule nilikiita heshima.

Basi nikabaki na Mungu peke yake. Nilifunga kula mchana na kuomba. Sikuomba kwa utulivu kama wanavyoomba watu wenye imani kubwa, niliomba nikitembea. Nilianza kupalilia mstari mmoja wa kahawa, nikauacha katikati, nikaenda kupukuchua maharage, nikayaacha nayo. Sufuria iliungua mara mbili. Ukungu wa Juni ulishuka asubuhi ukakaa mpaka saa sita, nami nilizunguka ndani yake kama mtu aliyepoteza mbuzi. Maneno yangu yalikuwa machache: "Bwana, sina wa kunisemea. Tuma mtu."

Alhamisi, tarehe 8, nilisikia kikohozi cha baba mkwe njiani. Nilitupa jembe nikaingia migombani, kama nilivyofanya siku zote. Kwa mbali, kati ya majani, niliona ncha ya fimbo yake ikichoma-choma ardhi kando ya mpaka. Nilisema: shemeji amemtuma aje kupima. Jumapili, tarehe 11, nilipotoka kanisani, alikohoa tena, safari hii karibu na mlango. Nilitoroka kwa mlango wa nyuma. Jumanne, tarehe 13, alikuja mvua ikinyesha, akasimama uani muda mrefu, akikohoa, akinyamaza, akikohoa tena. Nami nilikuwa nimechuchumaa kwenye matope chini ya mgomba, kanga imeloa mpaka mgongoni, nikinong'ona, "Bwana, tuma mtu, siku zimebaki nne."

Jirani yangu ndiye aliyeniona. Yeye ni mwanamke wa rika langu, tulisoma darasa moja la watu wazima, na ulimi wake haujawahi kupumzika.

"We mama, unatafuta nini huko chini? Umetaga?"

"Nyamaza. Mkwe yuko uani."

"Ameshaondoka. Amenipita pale darajani, analalamika peke yake." Alinivuta mkono nikasimama. "Hii ni mara ya tatu namwona akija kwako. Mtu anayekuja kupima shamba huja na kamba na wenzake. Huyu anakuja peke yake, na mvua hii, na miguu ile. Umejiuliza anataka nini?"

"Amekubali kuuza. Shemeji kaniambia."

"Shemeji kakuambia!" Alipiga makofi. "Kila jioni ya maombi unatuchosha masikio: Bwana tuma mtu, Bwana tuma mtu. Mtu anatumwa, wewe unaingia migombani kama kuku aliyeona mwewe. Sasa Mungu afanyeje? Amtume na filimbi?"

Sikucheka. Nilikasirika, nikamwambia aende akaangalie sufuria yake. Lakini usiku ule usingizi haukuja, na siku iliyofuata sikuweza kushika kazi yoyote. Kama jirani alisema kweli, basi nilikuwa nimeukimbia msaada wangu mara tatu kwa miguu yangu mwenyewe. Kama alikosea, nami nikabaki, ningekuwa nimevunja adabu niliyoitunza tangu usichana mbele ya mtu anayenifukuza. Ningepoteza shamba na heshima kwa pamoja.

Alhamisi, tarehe 15 Juni, kiasi cha saa tatu asubuhi, kikohozi kilisikika njiani. Nilikuwa jikoni. Miguu ilinyanyuka yenyewe ikaelekea mlango wa nyuma. Niliikataza. Niliingia nyuma ya mlango wa mbele, nikaufunga nusu, nikashika komeo kwa mikono miwili.

Nilisikia kinu kikigeuzwa. Kwa ufa wa mbao niliona mgongo: koti la zamani la kijivu, lililochanika bega moja. Alikuwa ameketi juu ya kinu, uso kuelekea barabarani. Mbele yake kuku wangu jike, mwekundu, alikuwa akichakura.

"Wewe kuku," alisema mzee. "Nakuuliza wewe, maana hapa hapana mtu mwingine. Mwenye nyumba yupo?"

Kuku aliendelea kuchakura.

"Ukimwona, mwambie nimechoka kukohoa. Wiki nzima nimekohoa mpaka mbavu zinauma, na wala sina mafua."

Niliziba mdomo kwa kanga. Sijui kama nilikuwa nikilia au nikicheka.

"Mwambie hivi. Shamba hili nilimpa mwanangu mkubwa siku alipooa. Mimea ya mipaka niliipanda mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nimekuja kuitazama kama ingali hai. Ingali hai yote, isipokuwa mmea mmoja wa chini kwenye kijito. Huo umeng'olewa, na shimo lake bado bichi. Wanaosema nimekubali, hawakuniuliza. Wananiambia, mzee, kaa juani. Yule aliyesema hivyo ni mwanangu pia. Njaa imemfundisha uongo. Simchukii. Lakini mwenye kaburi hapa hawezi kujisemea, na mimi bado ninao mdomo."

Kuku alisogea, naye mzee akamzuia kwa fimbo asiende mbali.

"Ngoja, sijamaliza. Jumamosi nitakuja barazani. Sasa mwenye nyumba akinisikia nakohoa kule, akikimbia kama anavyonikimbia hapa, wazee watasema mdaiwa hayupo, shauri limekwisha. Nitakuwa nimesema bure. Mwulize: atakaa?"

Nilikuwa sijawahi kusema neno hata moja mahali ambapo baba mkwe wangu angelisikia. Nilisema kwa sauti nisiyoitambua, "Wewe kuku, mjibu mzee. Mwambie nitakaa."

Mgongo ule ulitikisika mara moja. Kisha mzee aliinuka polepole, akakirudisha kinu kama alivyokikuta, akasema, "Ndaga fijo, kuku," yaani asante sana, akaondoka.

Jumamosi nilifika barazani kabla ya watu wote, nikachagua benchi la mwisho, karibu na ukuta. Shemeji alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alikuwa amekaa mjini. Aliposema kwamba mzee amekubali, nje kulisikika kikohozi. Mwili wangu wote ulitaka kutoka kupitia dirishani. Nilishika mguu wa benchi kwa mkono wa kulia, nikavuta kanga mpaka puani, nikageukia ukutani. Mzee aliingia.

"Mnamwona?" shemeji alipaza sauti. "Amekaa chumba kimoja na baba yangu! Mwanamke asiye na adabu ya mkwe ndiye mnataka kumpa ardhi ya ukoo?"

Watu walinong'ona. Nilihisi macho yao mgongoni kama siafu. Nikasubiri.

"Adabu yake naijua kuliko wewe," sauti ya mzee ilisema. "Ameniheshimu miaka yote hii hata nyayo zake sizijui. Leo amekaa kwa sababu mimi nimemwomba. Na wewe, mwanangu, niambie mbele ya wazee hawa: uliniuliza lini?"

Nilisikia viatu vya shemeji vikisugua sakafu.

Wazee walikwenda kukagua mipaka siku hiyohiyo, mzee akitangulia, mimi nikifuata nyuma kwa mbali kiasi cha mtu kutupa jiwe. Walikuta mimea yote, na lile shimo la kijitoni. Saa kumi na nusu jioni walisema shamba ni la marehemu, na kwamba mimi na watoto wake tutakaa humo. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama kaburini, lakini shukrani yangu haikuwa na amani ninayoisikia katika ushuhuda wa wengine. Niliendelea kuhesabu tarehe: 8, 11, 13. Nilijiuliza ni mara ngapi nyingine, kabla ya hapo, nilikuwa nimechuchumaa matopeni nikiomba atumwe mtu aliyekwisha kufika.

Jumapili, tarehe 2 Julai, baada ya ibada, kikohozi kilisikika tena njiani. Miguu ilianza kwenda. Niliiachia hatua mbili, kisha nikarudi, nikatoa kigoda uani, nikakigeuza kielekee barabarani. Nikanyunyiza mahindi kidogo mbele yake ili kuku asiende mbali. Halafu nikaingia nyuma ya mlango, nikakaa.